Nambari Mia Nne Kumi na Saba

Ukifuta faili, haifutiki. Hilo nilijifunza wiki yangu ya kwanza kazini, nikacheka. Mashine huondoa jina la faili kwenye jedwali, huandika kwamba nafasi ile sasa iko wazi, basi. Maandishi yenyewe yanabaki palepale kwenye diski mpaka yaje mengine yaandikwe juu yake. Nilikuwa kijana, nikaona ni jambo la kuchekesha. Siku hizi silicheki.

Nilikuwa mwanamke pekee katika chumba kile cha kompyuta, Nairobi, miaka ya sabini. Kwetu ni Manga, Nyamira, na mtu wa kwetu akikuambia kwamba mimi ni mpole, ujue anakudanganya. Nilianza kwa kupiga kadi za matundu, zile ambazo mashine husoma. Fundi wa kigeni aliyekuja na mashine alipomaliza mkataba wake akarudi kwao, aliacha rundo la karatasi pana, kurasa mia kadhaa, zenye programu yote ya ndani ya mashine. Wanaume walizizunguka wiki nzima kama kwamba zitawauma. Mimi nilizibeba nikaenda kuzisoma wakati wa chakula cha mchana, kwa hasira tu, maana mmoja wao alikuwa amesema hizo si za wapiga kadi.

Programu ile ya ndani ndiyo kiini cha mashine. Programu nyingine zote hazigusi diski zenyewe. Huja kukiomba kiini, na kiini ndicho kinachojua faili ipi iko wapi. Baada ya mwaka mmoja wakanikabidhi rasmi sehemu yake inayoshughulikia faili. Kazi yangu ikawa kuitunza, kurekebisha makosa yake na kuifanya iwe bora. Neno hilo "bora" ndilo lililonichoma.

Mashine yetu ilihifadhi faili za wagonjwa wa kifua kikuu kutoka wilaya kadhaa, Kisii ikiwemo. Kila mgonjwa alikuwa na faili yake, na kila faili nambari yake na kipande chake cha diski. Dawa wakati huo zilikuwa za zaidi ya mwaka, sindano na vidonge, na watu walichoka. Kwa hiyo kila mwezi mashine ilichapa orodha ya waliokosa kwenda kliniki, orodha ikapelekwa Kisii kwa basi, na pale hospitalini mtu wa afya akapanda baiskeli kwenda kuwatafuta mlimani, boma kwa boma. Asiyekuwa na faili hakuwa kwenye orodha. Asiyekuwa kwenye orodha hakutafutwa.

Sasa, programu ya yule fundi mzungu ilikuwa na ubahili wa ajabu. Nambari ikitumika mara moja, haikutumika tena milele. Mgonjwa akipona au akifa, faili yake ikaondolewa, nambari ilikaa bure. Jedwali likajaa. Mashine ikawa inakataa wagonjwa wapya, na mkuu wangu akawa anapiga kelele kila Jumatatu.

Mimi nikaona huu ni ujinga mtupu. Kwetu Gusii jina halikai bure. Mtoto hapewi jina la mtu aliye hai; husubiri mwenye jina aondoke, halafu jina hurudi na mtoto. Mimi mwenyewe nina jina la mama yake baba, na wazee wakinisalimia huniita mama. Kama majina ya watu yanaweza kurudi, nambari ya faili ni nani hata ijifanye haiwezi? Nikaandika upya kurasa sita za maagizo. Nambari ikiachwa tu, mgonjwa anayefuata anaipata, siku hiyohiyo. Mkuu akanipa mkono mbele ya wanaume wote. Nilivimba kichwa, sikatai. Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyejenga daraja.

Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, ndiye aliyenilea miaka ya sitini. Aliolewa karibu na shule, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu kwa njia ya mguu, nami nikakaa kwake na mumewe tangu darasa la tatu mpaka la saba. Hakujaliwa mtoto. Alinifundisha kusuka kikapu na kujibu watu. Alikuwa Msabato wa kwelikweli, lakini kabla ya kunywa uji alimwaga tone chini kwa ajili ya ebirecha, mizimu ya nyumba ile, na ukimtazama anakuambia mkono umeteleza.

Mwaka ule nilipobadilisha kanuni ya nambari, alianza kukohoa. Mimi ndiye niliyemlazimisha kwenda hospitali, nikamsindikiza Kisii mjini wakati wa likizo, na nilipomwona akiandikishwa nilijisikia mtu mkubwa. Nikamwambia, "Mama mdogo, sasa jina lako litaingia kwenye mashine yangu. Ukikosa kuja, nitajua." Akacheka mpaka akakohoa. Akasema basi afadhali, maana hajawahi kuniponyoka hata siku moja.

Alikwenda kliniki miezi saba. Kisha mvua za kupalilia zikaja, kikohozi kilikuwa kimeisha, na mwili umerudi. Akakosa mara moja. Akakosa tena. Jirani yake wa bondeni naye alikosa mwezi ule, na mtu wa baiskeli alikuja kwake wiki ileile, akamgombeza mbele ya watoto. Kwa mama mdogo hakuja. Alipita nje ya ua, akasalimia, akaenda zake.

Mwaka uliofuata tulimzika, wakati chai ikichipua majani mapya. Sikuwa nimejua kwamba ameacha dawa. Barua zake ziliandikwa na mtoto wa jirani na zote zilisema hajambo.

Siku ya mazishi mama yangu hakulia sana. Alikaa na swali moja, akaniuliza mimi kwa sababu ndiye niliyesoma. "Yule mtu wa baiskeli mbona hakuja kwake? Alipita pale nje. Kwa nini hakuingia?"

Nilisema nitauliza. Nilikuwa tayari kumla mtu mzima mzima. Nilirudi Nairobi na maneno makali ya kutosha kuwatolea watu wa Kisii, na kabla ya kupiga simu nikafungua faili ya mama mdogo, nipate tarehe alizokosa, nisije nikabishiwa.

Hakukuwa na faili. Jina lake halikuwepo mahali popote kwenye jedwali. Nikatafuta kadi yake ya kuandikishwa, ile ya matundu, nikaipata ndani ya boksi: nambari mia nne kumi na saba. Nikaiuliza mashine, mia nne kumi na saba ni nani? Ikajibu kwamba ni mtoto wa kiume wa miaka tisa, wa Nyansiongo.

Nikafanya jambo ambalo sikupaswa kulifanya. Nilikiambia kiini kisinionyeshe faili, kinionyeshe diski yenyewe, kile kipande chote cha mia nne kumi na saba, hata pale ambapo faili imeisha. Ilikuwa saa nne asubuhi, watu wanaingia na kutoka na vikombe vya chai. Karatasi ikatoka polepole.

Mistari miwili ya kwanza ilikuwa ya yule mtoto. Kliniki yake haikuwa imetuma mengi. Mstari wa tatu ulisema: jamaa wa karibu, na pale palikuwa na jina langu. Mtoto wa dada, Nairobi. Chini yake kilo za mama mdogo. Arobaini na tatu. Arobaini na tano. Arobaini na nane. Anasema anajisikia vizuri. Kilo hamsini. Jina lake mwenyewe, lililokuwa juu kabisa, lilikuwa limefunikwa na jina la mtoto. Na mama mdogo alipoishia, mistari haikuisha. Palikuwa na mwingine chini yake, mwanamke wa Ogembo, ambaye kilo zake zilikuwa zikishuka. Thelathini na tisa. Thelathini na saba. Kisha hakuna kitu.

Nilikaa pale na ile karatasi mapajani. Kuna mtu aliniuliza kama mashine imeharibika, nikamwambia aniondokee.

Ilinichukua siku mbili kuelewa, na natamani ingenichukua maisha yangu yote. Mwanamke wa Ogembo alikufa hospitalini. Hospitali ikatuma fomu, faili yake ikaondolewa, nambari ikawa wazi. Mgonjwa aliyefuata, siku hiyohiyo, alikuwa mama mdogo. Akapewa mia nne kumi na saba. Kanuni yangu ilifanya kazi sawasawa. Lakini orodha ya wagonjwa wote iliyokaa kliniki ya Kisii, ambayo ilibadilishwa mara moja moja tu, bado ilikuwa na mwanamke wa Ogembo na nambari yake. Miezi ikapita. Naibu wa chifu wa kule Ogembo, mtu makini bila shaka, naye akaandika barua kuripoti kifo kilekile, maana ndivyo alivyotakiwa kufanya. Karani akatazama orodha, akaona mia nne kumi na saba, akatuma fomu ya pili. Kiini kikaambiwa kiondoe mia nne kumi na saba, kikaondoa. Hakikuuliza ni yupi. Sikuwa nimekifundisha kuuliza.

Mwanamke yule alifutwa mara mbili, na mara ya pili aliyefutwa alikuwa mama mdogo.

Sikupiga simu Kisii. Nilimhamisha yule mtoto wa Nyansiongo kwa mkono wangu, nikampa nambari mpya ambayo haikuwahi kutumiwa na mtu, nikaangalia mara tatu. Nikapitia faili nyingine zote, mchana na usiku, na siku za Sabato pia, Mungu anisamehe. Nikakuta wengine wawili waliofutwa vilevile, wote wawili hai, wakatafutwa. Kisha nikarudisha kanuni ya mzungu kama ilivyokuwa: nambari ikitumika mara moja, imekwisha. Mkuu akaniuliza mbona naharibu kazi nzuri. Nilimwambia ilikuwa na kasoro. Akataka kujua kasoro gani, nikamwambia ya kawaida.

Kwa mama nilisema uongo. Nilisema watu wa Kisii hawana uhakika. Karibu mwaka mzima, kila nilipokwenda nyumbani aliniuliza lile swali, na kila mara nikamwambia bado nafuatilia. Nilikuwa naogopa kukaa naye jikoni peke yetu. Nilikuwa namwona mama mdogo mahali pa ajabu: kwenye karatasi zilizochapwa vibaya, herufi zikiwa zimepandana, nilijikuta nasoma mstari wa chini nikitafuta kilo.

Halafu nikajifungua mtoto wa pili, msichana. Watu wa mume wangu walisema safari hii jina litoke upande wetu. Nikaenda kwa mama na mtoto mgongoni, na sikuwa nimeketi vizuri mama akasema, "Ni yeye. Tumpe jina la dada yangu."

Nilisema hapana, kwa sauti iliyomwamsha mtoto. Mama alikuwa anachambua chinsaga, mboga zetu za uchungu, akaacha mkono hewani.

"Hapana kwa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa Ekegusii, lugha ambayo haina diski wala kiini, na pengine ndiyo maana ilitoka wazi hivyo. Nilimwambia kwamba mtu wa baiskeli hakuingia kwa sababu hakuwa na jina lake, na hakuwa na jina lake kwa sababu mimi nilitunga kanuni. Nilimwambia kwamba nilifanya vile tunavyofanya na majina, mmoja akiondoka, mwingine anapewa.

Mama alichambua mboga mpaka zikaisha. Akafagia mashina. Ndipo akasema, "Nani alikuambia sisi tunafanya hivyo?"

Akasogeza ungo wa mboga pembeni.

"Mtu akifa tunampa mtoto jina lake siku hiyo? Uliona wapi? Watu wanaambiwa kwanza. Binti zake walioolewa mbali wanatumiwa mtu. Tunanyoa. Matanga yanaisha. Kila nyumba iliyokuwa ikimwita inajua kwamba haimwiti tena. Ndipo jina linarudi." Aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Wewe ulichukua nusu, ukaacha nusu."

Nilitaka anipige. Angenipiga ingekuwa rahisi. Badala yake alisema, "Mume wake hajui. Nenda ukamwambie. Usipomwambia, jina hilo halitoki hapa."

Nilikwenda mchana uleule, kwa njia ileile niliyokuwa nikienda nayo shule, mtoto mgongoni. Baba mdogo alikuwa nje, anatia mpini jembe. Mtu mrefu, mnyamavu, aliyewahi kuwa mwashi. Tangu mazishi alikuwa anaishi peke yake, na watu walikuwa wamechoka kumwambia aoe. Alinipa kigoda, nikakataa kukaa. Nikajipa moyo, nikamwambia yote tena, nikiwa nimesimama.

Hakuniuliza kuhusu mashine. Alikuwa akipapasa mpini kwa kidole gumba, kutafuta pale penye kijiti.

"Alikuwa anaweka kiti," akasema.

"Kiti gani, baba mdogo?"

"Hicho." Akaonyesha kigoda. "Baada ya yule mtu kwenda kwa jirani. Alijua kwamba na yeye amekosa. Alikuwa na haya. Akasema, 'Yule mtu atakuja, nami nitamwomba msamaha, nitarudi kwenye dawa.' Kila siku ya kliniki anafagia, anaweka kiti pale mlangoni, anaosha kikombe. Wiki ya sita akakirudisha ndani. Akaniambia, 'Mashine ya mtoto wetu inajua. Ningekuwa bado mgonjwa, wangekuja.'"

Nililia. Sikulia siku ya mazishi, wala siku ile ya karatasi. Nililia hapo na mtoto akalia nami, na baba mdogo akaweka jembe chini, akamtoa mgongoni kwangu kwa mikono ile ya saruji, akamtembeza uani mpaka akatulia.

"Anaitwa nani?"

"Hana jina bado. Mama anataka apewe la mama mdogo. Amesema nikuambie kwanza."

Alimtazama mtoto usoni. Nilidhani atakubali. Ningepata nafuu kubwa, nasema ukweli. Nilikuwa nimeshaanza kuona nafuu.

"Asubuhi nikiamka namwita," akasema. "Nikitoka shambani namwita kabla sijafungua mlango. Si kwamba nina wazimu. Ni mdomo tu." Akanirudishia mtoto, taratibu, akihakikisha nimemshika. "Mtafutieni lingine. Hilo mimi bado nalitumia."

Nilirudi kwa mama nikamweleza. Aliitikia kwa kichwa, akasema sawa, akatoa jina la shangazi yake wa zamani ambaye hakuna aliyebaki wa kumlilia. Binti yangu analo mpaka leo, na linamkaa vizuri.

Likizo ilipoisha nilirudi kwenye kurasa zangu. Jedwali lilikuwa limejaa tena na mkuu alikuwa ameanza kelele zake za Jumatatu. Niliandika kanuni ya tatu. Pembeni ya kila nambari niliweka hesabu ndogo ya wanaoitumia: kila orodha inayoitaja faili ile inaongeza moja, kila inayoacha kuitaja inapunguza moja. Faili ikiondolewa, nambari haipewi mtu mwingine hadi hesabu ifike sifuri. Maana yake ni kwamba kiini sasa kinangoja kila nyumba iambiwe. Ilikwenda vizuri. Haikuwahi kumpoteza mtu tena, nami sikumpa mtu yeyote mkono kwa ajili yake.

Nikaongeza jambo moja ambalo halikuwa na maana kwa mashine. Mia nne kumi na saba ilikuwa tupu tangu nilipomhamisha yule mtoto. Niliiandikia hesabu ya moja kwa mkono wangu, bila orodha yoyote nyuma yake, ili isifike sifuri.

Mkuu wangu aliigundua baada ya miezi kadhaa, akipitia jedwali. Faili hakuna, akasema, mgonjwa hakuna, na nambari haitoki. Akaniuliza kama ni kosa, aiachilie.

Nilimwambia aiache, bado inatumika.